Simiti imepungua stoo, na keshia ni mtoto wa jirani

BARUA

Mshauri, salamu nyingi.

Nina duka la hadiwea hapa Mombasa, huu ni mwaka wa tisa. Si duka kubwa: nauza simiti, mabati, misumari, rangi na vifaa vya mabomba, na nina wafanyakazi wanne. Ninayekuandikia habari zake ni keshia wangu. Alikuja kwangu Machi 2021, baada ya mamake kunipigia hodi akaniomba nimpatie kijana wake cha kufanya. Mimi na mamake tumepakana ukuta kwa ukuta na tuko chama kimoja. Kijana mwenyewe huniita mama.

Alianza kwa kupakia mizigo, baadaye nikamweka kaunta kwa sababu ni mwepesi wa hesabu. Namlipa shilingi 900 kwa siku, siku sita kwa wiki, na kila Jumamosi jioni humhesabia 5,400 zake mkononi. Hatukuandikiana chochote. Likizo hajawahi kuchukua, ila zile sikukuu na siku chache alizougua. NSSF sijamlipia. Hao wengine watatu ni vivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilihesabu simiti, nikakuta mifuko 34 haipo. Kwa 780 kila mmoja, hiyo ni 26,520. Wiki hiyo hiyo fundi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kulalamika kuwa simiti niliyomuuzia ilikuwa imeganda, akanionyesha ujumbe wa M-Pesa: shilingi 4,680 zimeenda kwa namba ya kijana, si kwa Lipa na M-Pesa ya duka. Nikaulizauliza, nikampata na mwingine aliyetuma 3,120. Wote wanasema waliambiwa laini ya duka inasumbua. Kwa hivyo nimepoteza 34,320.

Nilipandwa na hasira. Ijumaa usiku nikamwandikia kwenye WhatsApp, "Usije dukani mpaka nikuambie." Akajibu, "Sawa mama, kwani kuna nini?" Sikumjibu. Leo ni siku ya sita. Pesa za siku tano alizofanya wiki ile, 4,500, bado ninazo mimi.

Mume wangu anasema nimfukuze na nimpeleke polisi, ili wale wengine wajifunze. Kaka yangu anasema kibarua hana haki ya kudai kitu, nizuie hizo 4,500 na nimwambie mamake alipe zilizobaki. Niwe mkweli: funguo za stoo ziko kwa watu watatu, yaani kijana, mpakiaji na mume wangu. Na laini ikisumbua, mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wapokee kwa simu zao, watoe pesa, waweke kwenye droo.

Jumapili chama kinakutana kwangu. Mamake atakuja, na sijui hata nitamtazama vipi. Nimfukuze? Nimkate? Au ninyamaze, hasara niibebe mwenyewe?

Mama Hadiwea, Mombasa

JIBU

Mama Hadiwea, dada yangu, pole kwa usingizi uliokosa wiki hii. Kuibiwa kunauma, na kudhani umeibiwa na mtoto uliyempa kazi kwa mkono wako kunauma zaidi. Umenieleza hata yale yasiyokupendeza wewe mwenyewe, na hayo ndiyo yatakayokusaidia. Kumwachisha au kumbakisha ni uamuzi wako. Ninachoweza kufanya ni kukuonyesha sheria inakutaka upitie wapi kabla hujafika huko, na kila njia ina gharama gani.

Nianze na lisilongoja: ule ujumbe wa Ijumaa. Ulivyo sasa si kufukuza, si kusimamisha, si likizo. Siku zikipita bila malipo wala maelezo, kijana anaweza kwenda leba, yaani ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, aseme alifukuzwa usiku ule kwa simu, na wewe huna karatasi ya kuonyesha vingine. Leo hii mwandikie tena, kwa utulivu: kuna upungufu wa simiti na malipo ya wateja unayoyachunguza, wakati unachunguza akae nyumbani akiwa bado mfanyakazi wa duka, malipo yake ya kila siku yanaendelea, na utampa barua rasmi kufikia siku fulani, uitaje. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachoeleza utaratibu wa kumsimamisha mtu wakati wa uchunguzi. Mahakama huikubali hatua hiyo ikiwa ni ya muda mfupi na ina sababu, lakini kumsimamisha bila malipo wakati hakuna mkataba unaokuruhusu ni kujitafutia kesi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Na zile 4,500 mpe. Amezifanyia kazi. Hata mtu anayefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa hulipwa kila alichokwisha kukifanyia kazi hadi siku hiyo.

Sasa neno la kaka yako, kwamba kibarua hana haki. Ni imani iliyoenea sana madukani. Kibarua katika sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, hata kama pesa unampa kila Jumamosi. Ile siku moja ya mapumziko baada ya siku sita za kazi haikati mfululizo huo. Huhesabiwa ndani yake. Na akishafanya miezi miwili mfululizo, hupata haki kama aliyeajiriwa kwa kudumu tangu mwanzo. Kijana wako amevuka hapo tangu 2021.

Kutoandikiana nako hakukukingi, dada yangu. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na sheria imemtwika mwajiri jukumu la kuuandaa. Mkifika mbele ya hakimu bila mkataba, akisema mlikubaliana hili na lile, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kuwa sivyo.

Tuzitazame hesabu, kwa sababu naona umeziangalia za upande mmoja tu. Kwa 900 kwa siku na siku 26, mwezi wake ni 23,400. Likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 21 za kazi, yaani 18,900 kwa kila mwaka ambao hakupewa. Ukimwachisha kwa notisi, ni siku 28; usipompa notisi unamlipa badala yake. Na kwa kuwa hukumlipia NSSF, anaweza kudai malipo ya utumishi, yaani pesa anazolipwa mtu anapoondoka kwa miaka aliyokufanyia kazi. Mahakama kwa kawaida huyahesabu kwa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, kwa hivyo miaka minne inafika 54,000. Juu ya hayo, ikiamuliwa kuwa ameachishwa isivyo haki, fidia inaweza kufika hadi mishahara ya miezi 12, ambayo kwake ni 280,800. Hicho ni kikomo cha juu, si lazima kifikiwe. Mahakama hutazama amefanya kazi muda gani, na kama yeye mwenyewe alichangia kufukuzwa kwake. Ana miaka mitatu ya kwenda mahakamani, kwa hivyo ukimya wake wa leo usikutulize.

Turudi kwenye ile 34,320. Mifuko 34 umeihesabu kwa 26,520, kisha ukaongeza 7,800 za M-Pesa. Lakini 4,680 ni bei ya mifuko sita na 3,120 ni bei ya mifuko minne. Kama mauzo hayo hayakuandikwa kwenye daftari, basi mifuko hiyo kumi imo ndani ya ile 34, na umeihesabu mara mbili. Na kama kijana alitoa pesa kwenye simu akaziweka kwenye droo, kama ulivyowahi kuwaelekeza wewe mwenyewe, upungufu ni mifuko 24, yaani 18,720. Angalia daftari la siku zile mbili. Je, jioni droo ilizidi mauzo yaliyoandikwa? Usipouliza wewe, wakili wake ndiye atakayeanzia hapo.

Hata hiyo mifuko iliyobaki, ihesabu upya kwa utaratibu: mifuko iliyokuwepo siku ya hesabu ya mwisho unayoiamini, jumlisha iliyoletwa na lori kwa mujibu wa hati za kupokea mzigo, toa iliyouzwa kwa pesa taslimu, iliyotoka kwa mkopo, iliyochanika na iliyoganda. Unyevu wa Mombasa hauna huruma na simiti iliyowekwa sakafuni bila mbao, na fundi wako mwenyewe amekwambia aliuziwa iliyoganda. Kuna mingine iliyotupwa bila kuandikwa? Nani alitia saini mzigo ulipofika, na aliihesabu mifuko au alihesabu safu tu? Fanya hesabu hii mbele ya wafanyakazi wawili, kila mmoja atie saini.

Utaona basi kuwa una tuhuma mbili, na hazina uzito sawa. Ya M-Pesa ina tarehe, saa, kiasi, namba ya simu na wateja wawili wanaoweza kuandika walichoambiwa. Ya stoo ina funguo tatu, na mmoja wa wenye funguo ni mume wako. Ukiziunganisha, ile dhaifu itaivuta chini ile yenye nguvu. Na kuhusu simu: usiichukue simu yake, usiifungue, wala usimtume mtu aipekue. Mwombe alete mwenyewe orodha ya miamala ya siku hizo. Akikataa, andika kuwa amekataa.

Sheria haikudai ushahidi wa kumfunga mtu. Inatosha uwe na sababu ambayo wakati unaamua uliiamini kwa dhati, na yenye msingi. Hata tuhuma ya kuiba mali ya mwajiri, ikiwa na msingi wa kutosha, inaweza kuwa sababu ya kumfukuza mtu papo hapo. Ila sababu nzuri peke yake haikuvushi. Kifungu cha 41 kinataka kabla ya uamuzi umweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, kwa nini unafikiria kumwachisha, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Kisha usikilize na kuyapima maneno yake na ya huyo mwenzake. Wenye biashara ndogo huangukia hapa mara nyingi: sababu wanayo, kikao hawakufanya. Hata kosa lile kubwa la kufukuzwa siku hiyo hiyo halikuondolei wajibu wa kumsikiliza kwanza.

Kwa duka la watu wanne si kazi ya mwezi mzima. Mwandikie barua ya kujieleza. Usiandike "umeiba". Andika kilichotokea: tarehe fulani mteja alituma 4,680 kwa namba yako, tarehe nyingine 3,120, na hatuoni pesa hizo kwenye hesabu za duka, tueleze. Ya stoo iandike peke yake, kama utaona bado ina msingi baada ya hesabu mpya. Ambatanisha nakala za ushahidi. Mpe siku mbili au tatu za kazi ajibu, kisha taja siku, saa na mahali pa kikao, na umwambie waziwazi kuwa ana haki ya kuja na mwenzake, na kuwa matokeo yanaweza kuwa kuachishwa kazi. Akitaka kuja na mamake badala ya mfanyakazi mwenzake, sheria haikulazimishi kukubali wala haikukatazi. Hilo utalipima kwa kuwa unawajua wote wawili.

Mume wako asikiongoze kikao. Ameshatoa hukumu, na ana funguo. Kama kuna mtu anayekuandikia vitabu vya hesabu, mwombe akae nawe. Mmoja aandike: waliokuwepo, saa mliyoanza, tuhuma, majibu, maswali, saa mliyomaliza, wote watie saini. Kisha usiamue palepale. Lala nayo. Uamuzi, uwe wowote, uandike na sababu zake: ulikubali nini katika utetezi wake, ulikataa nini, na kwa nini.

Na fika kwenye kikao hicho ukiwa kweli hujui mwisho wake. Akikwambia, "Mama, wewe ulituruhusu tupokee kwa simu, na zile pesa nilizitia kwenye droo," utamjibu nini? Wale wengine watatu nao wamewahi kupokea kwa simu zao? Kama wamewahi na hukuwaadhibu, itakuwa vigumu kueleza kwa nini yeye peke yake. Akikiri kuwa alizitumia akiwa na shida, hilo ni jambo jingine, nalo lina milango zaidi ya mmoja.

Ukiona amekosa, unaweza kumwachisha bila notisi, kumwachisha kwa notisi, kumpa onyo la maandishi, au kumwondoa kwenye pesa kwa makubaliano. Kumbakisha kuna hatari yake: wenzake wanaangalia, na imani ikishapasuka kaunta inakuwa mahali pagumu kwenu nyote wawili. Kumfukuza papo hapo kunakuacha na deni la likizo na uwezekano wa kwenda leba. Kuna pia makubaliano ya kuachana, ambapo mnaandika kila kimoja na kiasi chake, likizo, notisi, utumishi, na anatia saini kwa hiari baada ya kupewa muda wa kusoma na kuuliza mtu. Kwa majirani mara nyingi ndiyo njia yenye kelele kidogo, ila inadai utoe pesa kwa mtu unayeona amekudhulumu. Na ukimwambia "tia saini au nakupeleka polisi," hiyo si hiari tena. Barua ya kujiuzulu inayopatikana kwa vitisho huhesabiwa kuwa umemwachisha wewe.

Kumkata? Sheria inaruhusu makato kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu, kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema hasa kuwa amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Wako hana hata mkataba. Inaruhusu pia kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kusudi lake, na hilo utatakiwa ulionyeshe. Makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za malipo yake, lakini kikomo hicho hakikupi ruhusa ya kukata. Kinasema tu mwisho wake uko wapi. Akikubali mwenyewe deni na kuandika jinsi atakavyolipa, mambo yanakuwa mepesi. Mamake hahusiki hata kidogo. Hana deni kwako.

Polisi ni haki yako kama una ushahidi. Jua tu kwamba kesi ya jinai na mambo ya kazi ni njia mbili tofauti: mahakama ikimwachilia, haina maana kuwa ulikosea kumwachisha, na akikamatwa, hukuondokewa na wajibu wa kumsikiliza. Ripoti isiyo na msingi inaweza kukurudia kwa madai ya fidia. Kumpeleka mtu polisi ili wengine wajifunze ni sababu ambayo ningekusihi uipime mara mbili.

Kunyamaza nako kuna bei. Namba ya M-Pesa itaendelea kuwa tatizo, na mwaka ujao utakuwa na mifuko mingine isiyoonekana na mtu mwingine wa kumshuku.

Vyovyote utakavyoamua, wale watatu waliobaki waandikie mikataba mwezi huu: jina, kazi, tarehe ya kuanza, malipo, saa za kazi, likizo, notisi, na kwa atakayeshika pesa, kipengele cha kukabidhiwa pesa. Waandikishe NSSF, ambapo wewe na mfanyakazi kila mmoja hutoa asilimia 6. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wake. Na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kila upande. Kwa 23,400 kodi ya mapato haijamfikia, maana huanza juu ya 24,000. Piga marufuku kwa maandishi kupokea pesa kwa simu binafsi, na uweke utaratibu wa laini ikikatika. Funguo za stoo zikae kwa mtu mmoja, na kila anayezichukua atie saini. Na kijana akiondoka, kwa wema au kwa ubaya, mpe cheti chake cha utumishi. Ni haki yake, hakihitaji kusema lolote juu ya tabia yake.

Imebaki Jumapili. Usimweleze mamake tuhuma, wala usiruhusu chama kizima kijue. Neno "mwizi" likitoka kinywani mwako mbele ya watu bila kuthibitishwa, linaweza kukupeleka mahakamani kwa kumharibia mtu jina, na kijana atakuja kwenye kikao akijua umeshaamua. Lakini usimkwepe mama wa watu nyumbani kwako. Mpokee, mpe chai kama siku zote. Akikuuliza, unaweza kumwambia ukweli ulio wako kusema: "Kuna jambo la kazi kati yangu na kijana. Nataka nimsikilize yeye kwanza."